Mtu Aliyesimama Darajani Siku Tatu

Riwaya ya Mwalimu ina kurasa mia mbili na kumi, na katika kurasa zote hizo mhusika wake hapigi hatua hata moja. Amesimama penye daraja la magogo, anatazama ukingo wa pili wa kijito, anajiuliza kama ukingo ule upo kweli au upo kwa sababu yeye anautazama. Anasimama siku tatu. Jua linatua mara tatu, mvua inanyesha mara moja kwa kurasa arobaini, kisha kitabu kinakwisha. Havuki wala harudi nyumbani.

Nilipoamua kuigeuza filamu nilikuwa na shahada ya falsafa ambayo bado ilinukia wino, na kazi ya kuhariri video za harusi katika studio moja mjini Kasese. Siku nzima nilikuwa naweka mioyo myekundu pembeni mwa sura za watu waliokuwa wakitafuna. Nilikuwa pia na imani kwamba jambo lisilowezekana ni jambo ambalo halijafikiriwa vya kutosha. Kwa hiyo nililifikiria. Nilinunua daftari kwa ajili ya kulifikiria. Baada ya miezi minne daftari lilijaa, na ndani yake hakukuwa na hata picha moja ya filamu, ila maswali, mengine nikiwa nimeyauliza mara mbili kwa wino tofauti.

Mwalimu alinifundisha shule ya msingi huko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Alipostaafu aliandika riwaya yake kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, angeandika Kikonzo, lugha ya kwao, jamaa zake wangejiona ndani yake, na angeandika Kiingereza wangesema anajivuna. Ilichapwa katika duka la karatasi na kubanwa kwa pini. Waliompongeza walikuwa wengi. Walioimaliza tulikuwa wawili, mimi na mke wake, na mke wake aliimaliza kwa sababu ndiye aliyekuwa akisomewa kila ukurasa ulipoandikwa, na tena kila ulipofutwa na kuandikwa upya.

Sababu ya haraka ilikuwa macho yake. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Wakati ule alikuwa bado anaona, lakini kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Niliketi sebuleni kwake na daftari langu, nikamweleza wazo langu huku nikiomba radhi kila sentensi ya pili.

“Nimemsikia mtu huyu kichwani mwangu miaka thelathini,” akasema. “Nataka nimwone mara moja kabla mlango haujafungwa. Lakini sharti ni moja, binti yangu. Usimwongezee neno, na usimwongezee mtu. Yuko peke yake. Ukimwondolea upweke, umekichoma kitabu.”

Niliahidi. Kutoka jikoni mke wake, ambaye watu wote wa mtaa tulimwita Mama, akauliza kitu ambacho nadhani alikuwa amekiuliza kwa miaka hiyo yote thelathini.

“Siku tatu kwa daraja. Anakula nini?”

“Hiki ni kitabu cha falsafa, Mama,” Mwalimu akajibu bila kugeuka.

“Hata falsafa inasikia njaa.”

Bosi wangu wa studio alinikubalia kamera kwa siku za Jumatatu hadi Jumatano, kwa vile siku hizo hakuna anayeoa, naye akaja mwenyewe kuishika maana hakuniamini nayo. Alikuwa amepiga picha za harusi maisha yake yote. Nilipomsimulia riwaya nzima alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza bibi harusi ataingilia upande gani.

Mwigizaji nilimpata Kilembe. Alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi ndani ya mgodi wa shaba kabla haujafungwa, na alikuwa na sura ya mtu aliyezoea kusimama gizani bila kuzungumza. Nilitumia saa nzima kumweleza mhusika. Nilimwambia afikirie kama ukingo wa pili upo wakati yeye hautazami.

“Iko,” alisema.

Nikamwambia hapana, asijibu haraka, alitilie shaka.

“Binti, dada yangu anaishi kule.”

Niliandika daftarini: je, mtu mwenye dada ng’ambo anaweza kuigiza shaka? Hakukuwa na nafasi ya kutafuta jibu. Daraja lenyewe, lile lile la kitabuni, karibu na Bwera, lilikuwa na wiki yake ya mwisho. Saruji kutoka kiwanda cha Hima ilikwisha kushushwa kando ya njia, na Alhamisi magogo yangeng’olewa ili lijengwe daraja la zege. Tulikuwa na siku tatu, sawasawa na za riwaya. Niliona ni ishara njema, kisha nikamaliza safari yote kutoka Kasese hadi Bwera nikijiuliza kama mtu aliyesoma falsafa anaruhusiwa kuamini ishara.

Siku ya kwanza niligundua kosa la kitabu. Mwalimu aliandika juu ya daraja la ujana wake, ambapo pengine mtu angeweza kusimama asubuhi nzima bila kuonwa. Sasa kwenye njia ile walipita watu wa kahawa, watu wa sokoni, wanafunzi, na bodaboda, na kwetu mtu aliyesimama njiani ni lazima asalimiwe, naye ni lazima aitikie, aulizwe habari za nyumbani, na aulize za wenzake. Mzee wangu wa mgodini alikuwa mtu wa adabu. Kila nilipopata uso uliozama katika swali la kuwepo, ulifunguka na kuuliza hali ya watoto. Bodaboda wote walisimama kumwuliza anaelekea wapi. Mmoja alimwambia kama tatizo ni nauli, apande tu, watazungumza mbele ya safari.

Nikamwamuru asimwitikie mtu yeyote. Hilo ndilo lililotuletea afande. Alikuja kutoka kituo cha polisi cha juu, akamzunguka mzee mara moja.

“We! Unafanya nini hapa?”

Mzee alinitazama mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimemkataza kusema. Nikamruhusu kwa kichwa.

“Nafikiri, afande.”

“Nani amekutuma?”

Mzee akaninyooshea kidole. Nilitoa barua ya mwenyekiti wa kijiji, iliyosema tunapiga filamu ya elimu. Afande aliisoma yote, hata mhuri. Kisha alifuata macho ya mzee kuvuka kijito, hadi kwenye kilima cha nyuma yake, ambacho ni Kongo.

“Fikiri upande huu,” akamwagiza. “Ng’ambo usifikirie.”

Alikaa nasi hadi mchana kuhakikisha, mvua ilipoanza akaondoka. Ndiyo maana katika sehemu yote ya kwanza ya filamu, mtu anayepaswa kuutilia shaka ukingo wa pili anatazama viatu vyake.

Siku ya pili afande hakuja, na mzee alikuwa amejifunza kunyamaza. Alisimama vizuri mno. Hakuitikia salamu ya mtu. Waliompita walipunguza mwendo, wakanong’ona, wakaendelea. Kama saa tano hivi Mama alitokea kwenye njia ya kwake, amejifunga kitambaa kichwani, amebeba sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa kingine cha maua. Yeye alijua kabisa kwamba tunapiga filamu. Alipita mbele ya kamera kana kwamba ni mti, akaiweka sufuria miguuni mwa mzee, akaketi kwenye nyasi kando yake na kunyoosha miguu.

Nilikimbia kumwondoa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amemwonea huruma mtu huyu wa kitabuni tangu watoto wake wakiwa wadogo, na kwamba Mwalimu hana haja ya kujua.

Sasa, mtu asiye wa kwetu angeona mwanamke ameleta chakula. Watu wa njia ile waliona mwanamume aliyesimama bila kuitikia salamu, na mwanamke mwenye kitambaa kichwani aliyekuja na chakula kilichofunikwa akaketi chini bila kusema. Hiyo kwetu ina maana moja tu. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka shambani walitua majembe, wakaja wakaketi. Kisha watatu. Kisha mama mmoja aliyefika na kuni kichwani, akazishusha, akawasha moto mdogo. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa, Mwislamu, alisimamisha pikipiki yake, akaleta sukari kwenye mfuko, akampa mzee pole kwa mkono wa kulia, akaketi mbali kidogo na wanawake. Hakuna aliyeuliza aliyefariki. Kuuliza mapema si adabu. Unakaa kwanza, habari itakuja.

Niliwaambia ukweli. Nilisimama mbele yao, nikasema hakuna msiba, huyu ni mwigizaji, hii ni filamu iliyotoka katika riwaya inayohusu upweke wa fikra ya mwanadamu. Mama wa kuni aliushika mkono wangu akanivuta niketi.

“Pole, mutoto yangu,” akaniambia. “Siku ya kwanza iko vile. Mutu anasema maneno tu.”

Nikaelewa kwamba nilikuwa nimeshafanywa binti wa marehemu. Nilimtazama bosi wangu, nikimtumainia, yeye mwenye uzoefu wa hadhara. Uso wake ulikuwa umeng’aa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alikuwa na watu wa kupiga picha. Kamera ilikuwa inatembea polepole kutoka uso mmoja hadi mwingine, kama anavyofanya kwa shangazi za bwana harusi.

Na mzee wangu alikuwa analia. Machozi ya kweli, yasiyomo kitabuni. Jioni nilimwuliza alifikiria nini, nikitaka kuliandika. Akasema mafuriko yalipobeba nyumba yake Kilembe, kila mtu alikimbia na godoro lake, na hakulaumu, maana hata yeye alikimbia na lake. Lakini hakuna aliyekaa naye. Leo wamekaa.

Siku ya tatu walirudi, wengi zaidi. Alhamisi magogo yaling’olewa.

Huko studio nilijaribu kuitimiza ahadi yangu. Niliwakata wanawake wote, sukari, moto na sufuria. Zilibaki dakika kumi na moja, na katika saba kati ya hizo mzee anatazama viatu. Nikawarudisha, nikawaondoa tena, nikamrudisha Mama peke yake, nikaona hiyo ni mbaya zaidi, sasa ilikuwa hadithi ya mapenzi. Kila Jumamosi nilihariri harusi na kila Jumatatu niliwatoa waombolezaji au kuwaingiza. Bosi aliniuliza kwa nini ninawafukuza watu waliokuja wenyewe, na hata kadi hawakupewa. Nilimweleza kuhusu upweke kwa nusu saa. Akaniwekea mioyo miwili kwenye sehemu ya mvua, nikaitoa.

Mwishowe niliwaacha wote, kwa uchovu na si kwa hekima. Miezi ilikuwa imepita. Siku ambayo nilikwisha kuiweka filamu kwenye flashi na nimeketi kituo cha teksi cha Kasese nikisubiri gari la Bwera lijae, Mwalimu alinipigia simu.

“Iko tayari? Njoo nayo upesi,” akasema. “Sasa naona mwanga wa mlango tu. Watu siwaoni.”

Gari lilijaa, likaondoka, nami ndani yake, na ilikuwa baada ya kilomita nyingi ndipo lililokuwa wazi kwa kila mtu duniani liliponifikia. Filamu isiyo na neno hata moja nilikuwa nampelekea mtu asiyeona. Daftari zima la maswali, na swali hilo halikuwamo.

Ukumbi wa video wa Bwera ulikuwa karibu na soko, wa mabati, wenye mabenchi. Siku hizo vijana walishaanza kutazama filamu kwenye simu za kugusa, na ukumbi ulikuwa ukiishi kwa mpira na kwa kijana mmoja mwenye kipaza sauti. Kwetu filamu haioneshwi hivi hivi. Anakuwepo mfasiri wake, tunamwita vijei, anaketi kando ya skrini na kueleza kwa lugha ya watu kila kinachosemwa, na kinachofikiriwa, na ambacho angefanya yeye. Mwenye ukumbi aliiona filamu yangu dakika mbili, akaniambia bila vijei haiwezekani, watu watadhani spika imekufa.

Sikuwa na njia. Kwa vijei, Mwalimu angalau angesikia kitu. Lakini hicho kitu kingekuwa ni maneno, na maneno ndiyo niliyoahidi kutoongeza. Nilinakili sentensi saba kutoka riwayani kwa mwandiko mzuri, nikamwomba vijei asome hizo tu. Alinishukuru, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. Haikutoka tena.

Tulionesha Jumamosi alasiri, kabla ya mpira. Mwalimu aliketi benchi la mbele na koti lake la kufundishia, Mama kushoto kwake, mimi kulia. Nyuma yetu niliwatambua wanawake kadhaa wa darajani, waliokuwa wamesikia kwamba msiba wao unaoneshwa. Picha ikawaka. Mzee alionekana amesimama. Vijei akapuliza kipaza sauti.

“Ba ndugu, ba dada. Munaona huyu mutu? Iko nasimama. Mbona iko nasimama? Anajiuliza: mbuzi yangu, nilifunga kamba, ao sikufunga?”

Ukumbi ulicheka. Katika riwaya yote hakuna mbuzi. Niliutazama uso wa Mwalimu, ulikuwa kama ubao uliofutwa. Nilianza kutunga kichwani barua ya kuomba radhi, nikafika aya ya pili.

“Sasa anaangalia ng’ambo,” vijei akaendelea, ingawa mzee alikuwa anatazama viatu. “Anasema: kama mbuzi ilivuka, na mimi siioni, hiyo mbuzi iko ao haiko? Kama nikiangalia, iko. Nikifunga macho, nani anajua? Ba ndugu, hii mambo iko nguvu.”

Mwalimu aliinama mbele. Ilikuwa ni sura ya tatu ya riwaya yake, yote, iliyofikiwa kwa njia ya mbuzi.

“Mvua inanyesha,” vijei akasema. “Haendi nyumbani. Mimi ningeenda.” Na baadaye kidogo: “Sasa mama mumoja anakuja. Amebeba sufuria. Amefunika na kitambaa ya maua ya manjano.”

Mwalimu akainua fimbo yake.

“Simamisha.”

Vijei akasimamisha picha. Ukumbi mzima ulinyamaza, maana nusu yao alikuwa amewachapa shuleni.

“Kitambaa hicho. Pembeni kimechanika?”

Vijei aliinuka, akasogeza uso wake hadi karibu na skrini.

“Imeshonwa, Mwalimu. Na uzi nyekundu.”

Mwalimu akageuka kushoto. Hakuwa anaona, lakini aligeuka sawasawa.

“Ni wewe.”

“Ni mimi,” Mama akasema.

“Ulimpelekea nini?”

“Bundu na sombe.”

Nilishika daftari langu kama mtu anayeshika ukingo wa mtumbwi. Ahadi yangu ilikuwa imevunjwa kwa ugali wa muhogo na majani yake, mbele ya umati.

“Alikula?” Mwalimu akauliza.

“Alikula yote. Alilamba na vidole.”

Mwalimu akashusha fimbo. “Endelea,” akamwambia vijei.

Wanawake wa majembe wakaja, wa kuni akaja, pikipiki ikasimama. Vijei aliwataja mmoja mmoja walivyoingia, nyuma yetu sauti zikamsahihisha nani ni nani. Kisha wote wakawa wameketi, moto ukawaka, mzee katikati yao akilia.

“Wako wangapi?” Mwalimu akauliza.

Vijei akahesabu kwa kidole. “Kumi na sita, Mwalimu. Na mwanaume moja ya sukari.”

“Wanamwambia nini?”

Nilimngoja mbuzi. Alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kumrudisha mbuzi. Lakini vijei alikuwa mtoto wa Bwera, na hata katika ukumbi wa mabati alijua yuko mbele ya kitu gani. Alishusha kipaza sauti magotini.

“Hawasemi kitu,” akasema kwa sauti yake ya kawaida. “Beko nakaa na yeye tu.”

Baada ya hapo hakusema tena. Mtu mmoja alivua kofia. Picha ziliendelea hadi mwisho kimya, kama nilivyozipanga, na Mwalimu aliketi amezielekezea uso hadi taa zikawashwa kwa ajili ya mpira. Tulipokuwa tunatoka mama wa kuni alinishika bega akaniuliza polepole, kwa kuwa sasa muda umepita, ni nani hasa aliyefariki.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Mwalimu na hotuba ya radhi yenye hoja sita. Aliniuliza kama nina kalamu. Nakala yake ya riwaya ilikuwa mezani, na kwa vidole alitafuta mahali ambapo siku ya pili inaanza.

“Mbuzi hayumo,” akasema. “Huyo kijana ana akili, lakini mbuzi simtaki.”

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

“Andika pembeni hapo. Siku ya pili, mama mmoja akaja na sufuria.”

Niliandika. Nilitaka kumwuliza kama hiyo haikiharibu kitabu, na upweke sasa uko wapi, na kurasa mia na kumi zinazofuata zitasimamaje. Nilikwisha kufungua mdomo.

“Akaketi,” Mwalimu akasema. “Weka nukta.”

Nikaweka nukta.

“Mwambie aandike na hii pia,” Mama akasema kutoka jikoni. “Sufuria yangu haijarudi.”

Hiyo sikuiandika. Jumatatu nilipanda gari kwenda Kilembe kuifuata. Mzee alikuwa anapika maharage ndani ya sufuria hiyo, akanikaribisha, na kwa kuwa hayakuwa yameiva, nikaketi.